Joto ya Mombasa Imekufikisha? Chanuka Kabla Ununue AC

Wasee wa Kanairo hawawezi elewa hii stori vizuri. Huko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mtu analala na blanketi mbili mwezi wa Julai na bado analia baridi. Sasa shuka Mombasa Februari ama Machi uone maisha. Saa sita usiku unatoka jasho kama mtu amekimbizwa na kanjo. Feni iko spidi ya mwisho, na kazi yake ni kutoa joto kona hii na kuipeleka kona ile. Unaoga saa saba, saa saba na nusu umerudi pale pale.

Mimi nilihamia Bamburi na feni moja na roho safi. Mwaka wa kwanza nikavumilia. Mwaka wa pili nikasema hapana, lazima nitafute AC. Na hapo ndipo nilichezwa mara ya kwanza.

Niliona tangazo kwa simu: AC ndogo ya kubeba, haitaki fundi, weka maji na barafu tu ulale kama mfalme. Ngiri nane. Nikatuma ganji, boda akaleta, nikajaza maji, nikamwaga barafu yote ya jirani. Dakika ishirini za kwanza nilijiona bosi. Kufika asubuhi shuka ni mbichi, ukuta unatoka jasho kuniliko, na chumvi ya jikoni imegeuka uji. Manze, sikuwa nimenunua AC. Nilikuwa nimenunua feni ya maji, kitu ya kuongeza unyevu kwa keja ambayo tayari imelowa.

Acha nikuchanue tofauti, juu hapa ndio vijana wengi wanakula hasara. Feni ya maji inapoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke. Maji yakigeuka mvuke yanachukua joto kutoka kwa hewa, vile tu jasho lako hufanya ukipigwa na upepo. Kwa hewa kavu hiyo ni kitu safi sana. Lakini Mombasa hewa imeshashiba maji ya bahari, hakuna nafasi ya mvuke mwingine kuingia. Ndio maana hata jasho lako mwenyewe halikauki.

AC ya ukweli inatoa joto ndani na kuitupa nje. Kwa hivyo lazima kuwe na kitu inatoka nje ya nyumba: boksi lingine limefungwa ukutani huko nje, ama bomba nene linalopita dirishani. Kama kila kitu kinakaa juu ya meza yako na hakuna joto inatupwa popote, hiyo si AC, hata kama imeandikwa AC na herufi za dhahabu.

Ile ya bomba la dirishani ni AC kweli, na inasaidia mpangaji ambaye hataki kutoboa ukuta. Shida yake ni kwamba inasukuma hewa ya chumba nje, halafu hewa ya moto inaingia kupitia chini ya mlango kujaza hilo pengo. Yaani inajipigania yenyewe. Pia kelele zote za kompresa unalala nazo ndani. Mimi ningeichukua kama tu mwenye nyumba amekataa kabisa ile ya ukutani.

Kazi ya AC si baridi peke yake

AC ya kisasa ya kwanza haikuundwa juu ya mtu kusikia joto. Mwaka wa 1902, injinia kijana anaitwa Willis Carrier alipewa kazi na kiwanda cha kuchapisha huko Brooklyn, New York. Unyevu ulikuwa unafanya karatasi zinavimba na kunywea, rangi moja ikipigwa juu ya nyingine haziingiani. Akatengeneza mtambo wa kukausha hewa. Baridi ya kustarehesha watu ilikuja kuwa biashara baadaye.

Hiyo stori ibaki kwa kichwa ukiwa Pwani. Maji yale yanadondoka kutoka kwa paipu ya AC, yale hukupata kichwani ukipita chini ya majengo ya Moi Avenue, hayakutoka kwa mfereji. Ni maji yaliyokuwa kwa hewa ya chumba cha mtu. AC ikichukua hayo maji vizuri, digrii 26 unalala fofofo. Ikishindwa kuyachukua, hata digrii 20 unasikia kama uko ndani ya pango.

Na hiyo inatuleta kwa saizi.

Nguvu ya AC inapimwa kwa BTU, joto ambayo inaweza kutoa kwa saa moja. Madukani utapata 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Fundi mwingine atakwambia "hii ni tani moja", wewe udhani anaongelea uzito. Tani moja ni BTU 12,000, na jina limetoka enzi za watu kupoza vitu na barafu: ni ile joto inayohitajika kuyeyusha tani moja ya barafu ndani ya masaa 24.

Kwa nchi za joto, hesabu ya haraka ni karibu BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba. Bedsita ya futi 10 kwa 12 ni kama mita 11 za mraba, kwa hivyo unapata BTU 6,600 hivi. AC ya 9,000 inatosha na inabaki. Sitting room ya futi 14 kwa 18 ni kama mita 23, hapo ni karibu 14,000, unaenda kwa 18,000.

Hiyo ni mwanzo tu. Mwongozo wa Energy Star wa Marekani unasema uongeze asilimia 10 kama chumba kinapigwa na jua sana, upunguze asilimia 10 kama kuna kivuli, uongeze BTU 600 kwa kila mtu akizidi wawili, na 4,000 kama ni jikoni. Hiyo ya jikoni isikupite. Bedsita ya ukweli ni chumba cha kulala, sitting room na mahali pa kuchemsha maharagwe, zote pamoja. Na kama uko floo ya juu kabisa chini ya slabu, jua linachoma hiyo simiti mchana kutwa, halafu usiku inakurudishia joto mos mos mpaka alfajiri. Chumba hicho hicho floo ya chini kinataka AC ndogo zaidi. Kama ni mabati bila silingi, weka silingi kwanza. AC chini ya mabati matupu ni kuchota maji na kikapu.

Sasa muuzaji atakwambia: "Chukua kubwa boss, itapoza haraka." Hizo ni stori za jaba. Ukifunga ya 24,000 kwa bedsita, dakika chache chumba kimefika ile digrii umeweka, na mashine inazima kabla haijakausha hewa. Inapumzika, joto inarudi, inawaka tena kwa kishindo, inazima. Unakaa kwa baridi yenye unyevu, nguo zinanuka kwa kabati, na kompresa inachoka na hiyo washa-zima. Ndogo sana nayo haizimi kabisa, inakimbia usiku kucha na bado unalia. Ile imetoshea chumba inafanya kazi polepole kwa muda mrefu, na huo muda ndio unakausha hewa.

Ukiwa na biashara, hesabu vitu si ukuta pekee

Beste yangu ana joint ya PS huko Mtopanga. Chumba cha futi 12 kwa 15, viti sita, TV sita. Alinunua AC ya 12,000 juu fundi alipima sakafu tu. Wiki ya kwanza ya likizo watoto walijaa na hiyo AC ikawa pambo la ukuta.

Tulikaa chini tukapiga hesabu. Mashine ya PS inatoa wati 150 hivi mtu akicheza, na TV karibu 90. Mara sita, hizo ni wati 1,440, na karibu zote zinaishia kuwa joto ndani ya chumba. Mtu akikaa anatoa kama wati 100. Vijana kumi na wawili, wachezaji na wale wa kungoja zamu huku wakipiga kelele, ni wati 1,200. Jumla 2,640. Wati moja ni BTU 3.4 kwa saa, kwa hivyo hao watu na hizo mashine peke yao wanakula BTU 9,000. Yaani AC nzima ya bedsita imeisha kabla jua la Mtopanga halijagusa ukuta. Ukiongeza ile 10,000 ya chumba chenyewe, umefika 19,000, na mlango unafunguliwa kila dakika mbili. Ilibidi aende 24,000.

Saluni ni hivyo hivyo. Draya moja ya mkono ikiwaka inaweza kula wati 1,500 ama zaidi. Mbili zikipiga pamoja ni kama umewasha hita katikati ya chumba na unashindana nayo. Kinyozi ana afadhali, mashine zake ni ndogo, ni vichwa tu vya kungoja laini.

Na kama duka lako halina mlango wa kufunga, lile la shata linafunguka lote mbele, tafadhali weka hizo doo kwa stoki. Nunua feni kubwa mbili. Huwezi poza barabara.

Stima ndio bei yenyewe

Bei ya dukani unalipa mara moja. Tokeni unalipa mpaka uhame.

Kuna AC ya kawaida na kuna ya inveta. Ya kawaida kompresa yake inajua mambo mawili: kukimbia na kusimama. Ya inveta inapunguza mwendo chumba kikikaribia ile digrii umechagua, inaendelea taratibu bila kuzima. Inakula stima kidogo, kelele ni chache, na kwa unyevu wetu huo mwendo wa taratibu ni baraka.

Tuchukue ya kawaida ya BTU 9,000 inayokula wati 800. Usiku wa masaa nane, kompresa ikikimbia theluthi mbili ya huo muda, ni kama yuniti 4.3. Weka shilingi 30 kwa yuniti ukijumlisha kodi na makato, inakuja kama 130 kwa usiku. Kwa mwezi ni karibu ngiri nne. (Kupata bei yako kamili, chukua meseji ya tokeni, gawanya pesa uliyolipa na yuniti ulizopewa.) Inveta ikikuokolea asilimia 30, unabaki na zaidi ya ngiri moja kila mwezi. Kama imekuzidi bei na ngiri kumi na mbili, mwaka hivi imejilipa.

Lakini hiyo ni kama unaiwasha kila usiku. Msee ambaye ataiwasha Januari hadi Machi tu atangoja miaka kama mitatu na nusu ndio arudishe hizo pesa. Kwake ya kawaida si ujinga. Mwenye Airbnb ya Nyali naye asifikirie hata mara mbili, achukue inveta, juu mgeni hatazima AC akienda bichi. Hiyo sahau.

Kitu ingine watu hawajui: tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani inategemea daraja lako. Kuna wale wa hadi yuniti 30 kwa mwezi, wale wa 31 hadi 100, na wale wamepita 100, na wanaangalia wastani wa miezi mitatu. Hiyo AC ya hesabu yetu inakula yuniti kama 129 peke yake. Kama ulikuwa daraja la chini ukilipa bei nafuu, sasa hata ile balbu na ile friji zitalipiwa kwa bei ya juu. Usishtuke tokeni za ngiri moja zikianza kuleta yuniti chache.

Dukani tafuta stika ya EPRA yenye nyota, moja hadi tano. Nyota nyingi, stima kidogo. Linganisha AC za BTU sawa. Kulinganisha nyota za 9,000 na za 24,000 hakukusaidii. Kuhusu kampuni, sibishani na mtu. LG, Hisense, Samsung, Midea, zote zimefungwa kwa kuta za huku. Swali langu ni moja: ikiharibika, spea na fundi wa waranti wako Mombasa ama nitaambiwa ningoje mzigo kutoka Nairobi?

Gesi haiishi

Hapa ndipo nilichezwa mara ya pili, na hii iliniuma kuliko ile ya kwanza.

Nilinunua AC poa kabisa, 9,000 ya inveta. Fundi wa kuifunga nikatafuta wa bei ya chini, juu nilikuwa nimesota. Alitoboa ukuta, akaunganisha mabomba, akafungua gesi, akaondoka. Dakika arubaini. Mwezi wa nne baridi ikaanza kupungua. Fundi akaja: "Gesi imeisha, tuongeze." Nikalipa. Miezi miwili baadaye, hivyo hivyo. Nikalipa tena. Mara ya tatu nikaita fundi mwingine, mzee mmoja mpole. Akapaka povu la sabuni kwa nati ya nyuma na mapovu yakaanza kucheza. "Kijana," akaniambia, "gesi ya AC si ya kupikia. Hailiwi."

Hiyo gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Mtu akikuongezea gesi bila kutafuta tundu amekuuzia safari yake ya kurudi.

Siku ya kufunga, simama hapo uangalie mambo machache. Mabomba yawe ya shaba. Kabla gesi ifunguliwe, fundi aunganishe pampu ya kuvuta hewa na unyevu kutoka ndani ya mabomba, aiache ifanye kazi, halafu aangalie geji kama inashikilia. Asiyekuja na pampu arudi nayo kesho. Paipu ya maji iteremke, isipande popote, la sivyo maji yatarudi kwa ukuta wako. Stima itoke kwa bodi na breka yake yenyewe, si kwa eksitensheni pamoja na friji na redio. Na ununue kifaa cha kulinda volteji, juu stima yetu ikirudi baada ya kupotea hurudi na hasira.

Boksi ya nje haitaki kufinywa kwa kona bila hewa, na haitaki kupulizia dirisha la jirani, utatengeneza adui. Ukiwa karibu na bahari, chumvi inakula zile mbavu nyembamba za alumini mpaka zinabomoka kama biskuti. Uliza kama zimepakwa dawa ya kuzuia kutu, na uzioshe na maji safi mara kwa mara.

Ukiona mtumba wa bei ya kutupa, soma kibandiko ujue gesi gani iko ndani. R22 inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni dunia nzima chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Kuipata kutazidi kuwa ngori. R410A haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto sana. R32 iko na madhara kama theluthi moja ya hiyo, na ndiyo mpya nyingi zinakuja nayo. Inaweza kushika moto kiasi, kwa hivyo fundi asiwe wa kuvuta sigara akifanya kazi. Na ile AC ndugu yako ametuma kutoka Marekani, angalia volteji. Zao nyingi si za 240 yetu.

Mwenye nyumba

Usitoboe ukuta wa wenyewe kabla ya kuongea. Tundu ni dogo, ngumi inapita, lakini siku ya kuhama linaweza kumeza deposit yote. Mwandikie, hata WhatsApp, akubali: natoboa hapa, nafunga boksi pale, nikihama naenda nayo na kuziba. Uliza pia kama mita ni yako. Ukiwa kwa ploti ya mita moja mnagawana bili, AC yako itakuwa ajenda ya kila kikao, na wale wengine hawatakuwa na makosa.

Ikishafungwa, acha kuweka 16. Haipozi haraka zaidi, inakimbia tu muda mrefu ikitafuta namba ambayo huenda isiifikie. Weka 25, washa na ile feni yako ya zamani polepole, chumba kitakubali. Usiku wa mvua, wakati joto si kali lakini mwili unanata, bonyeza kile kitufe chenye alama ya tone la maji kwa rimoti, kinakausha hewa kwa stima kidogo. Filta ivute kila wiki mbili uioshe na maji ya mfereji. Ya kwangu mara ya kwanza ilitoka na vumbi kama blanketi.

Na ile feni ya maji ya ngiri nane? Nilimtumia binamu yangu Garissa kwa basi. Ananipigia simu kila wiki kuniambia Mungu anibariki.